Kufinyanga kwa mkono Nairobi: gurudumu si lazima

Dada, umeuliza kama ni lazima ununue gurudumu la kuzungushia udongo ndipo uanze kufinyanga, nawe umepanga chumba kimoja mtaa wa Umoja. Mimi nakula kwa kazi hii na gurudumu sina. Pesa hizo ziweke.

Nilikuwa nauza miche na vyungu vya maua kando ya Ngong Road. Wateja walipozidi kuulizia maumbo nisiyokuwa nayo, nikaenda kwa senje (shangazi) wangu Ilesi, Kakamega. Hakunipa udongo. Alinipa jiwe na vigae vya vyungu vilivyovunjika, nivitwange hadi viwe chenga kama za mchele. Chenga hizo zikichanganywa na udongo, chungu hakisinyai sana kikikauka, na mvuke hupata pa kutokea kikichomwa. Bila hizo chungu kinene huweza kulipuka motoni, kiwe kizuri namna gani.

Kujenga kwenyewe si kazi ya kutisha. Kitako unakiweka ndani ya kigae kipana ili ukizungushe. Unaviringisha udongo uwe kamba nene kama kidole gumba, unaibana juu ya ile ya chini mpaka mshono upotee ndani na nje. Ukuta ukipanda kidogo, uache ukaze, la sivyo unalala. Kisha kwangua kwa kipande cha kibuyu, na ukiwa umekauka nusu, sugua kwa kokoto laini ya mtoni hadi ung'ae.

Usidhani hiyo ni kazi ya vyungu vya sokoni tu. Magdalene Odundo, mfinyanzi mashuhuri aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga mitungi yake kwa mkono na kuisugua, haipaki glezi (rangi inayogeuka kioo motoni). Alisomea Uingereza, lakini 1974 alikwenda Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, kwenye kituo alikofinyanga Ladi Kwali, mfinyanzi maarufu wa huko. Wekundu na weusi wa vyombo vyake ni kazi ya moto: moto wenye hewa ya kutosha huleta wekundu, ukinyimwa hewa huleta weusi.

Kitakachokusumbua wewe ni kukausha. Januari upepo hukausha mdomo wa chungu kabla ya kitako, na ufa huanzia hapo. Julai, kwa baridi ile, chungu hukaa tu hakikauki. Zamani tulifunika kwa juala, tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 mimi hutumia leso kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa, nafunika mdomo peke yake. Na huo udongo mweusi wa pande zenu achana nao. Hufura ukilowa, hupasuka ukikauka. Waulize wenye nyumba huko kuta zao zinavyofanya.

Kuchoma kwa nyasi na kuni, kama wafanyavyo Ilesi, kwenye ploti ya kupanga hutaruhusiwa, majirani watakuja juu na wana haki. Tafuta mwenye joko la umeme akuchomee kwa malipo, na mwambie mapema kama chombo ni kinene ili apandishe moto polepole. Karibu nyuzi 573 za Selsiasi chembe za kwatzi (madini yaliyo kwenye mchanga) zilizo udongoni hutanuka ghafla, na joko likipoa husinyaa papo hapo; chombo kikipoa haraka huweza kupasuka. Kwa hiyo akikuambia urudi kesho kuchukua vyombo, rudi kesho, usimsukume afungue leo.