Deki ya kudhibiti hujengwa kwa ajili ya zamu ya nne

Mbukwenyi wana Dodoma, na karibuni mnaosoma kutoka kwingine.

Kila anayeniomba nimtazamie deki yake (fungu lake la karata) ya Hearthstone, mchezo wa karata wa kwenye simu, huanza kunionyesha karata ya gharama 9 au 10. Ni karata nzuri kweli: picha inang'aa, sauti inatikisa spika ya simu, na ikishuka mezani mpinzani anahema. Mimi huomba nione kwanza za gharama 1 hadi 4. Huko ndiko deki ya kudhibiti hufia, na mchezaji akirekebisha sehemu hiyo, zile kubwa hujipanga zenyewe.

Kwa mgeni wa mchezo huu: kila mchezaji ana damu 30 na deki ya karata 30. Karata ya kawaida unaruhusiwa nakala 2, ile ya Legendary, daraja la juu kabisa, nakala 1. Mana, yaani nguvu ya kulipia gharama ya karata, huanza 1 na kuongezeka moja kila zamu mpaka 10. Mwenye deki ya kukimbiza anataka mchezo umalizike kabla hujafika zamu ya 7. Mwenye deki ya kudhibiti anaua kila askari (karata ya kiumbe anayepigana) anayewekwa mezani, anajiongezea damu au ngao, na anamchosha mwenzake mpaka abaki mikono mitupu. Ndiyo aina ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inakulazimisha kumsoma mtu aliye upande wa pili.

Hapa kwetu kuna jambo la kuzingatia. Wengi ninaocheza nao, kuanzia wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hadi jamaa wa ofisini wanaokaa Nyerere Square jioni, wanatumia deki za kukimbiza. Wana sababu nzuri. Mechi inaisha haraka, chaji ya simu inabaki, na vumbi la kutengenezea karata halihitajiki kwa wingi. (Mechi yenyewe haili bando kubwa, kinachokomba bando ni masasisho, kwa hiyo yashusheni mkiwa kwenye Wi-Fi.) Maana yake ni kwamba ukijenga deki ya kudhibiti Dodoma ukiwafikiria wachezaji wa video za nje wanaopigana mechi za nusu saa, umejiandaa kwa mpinzani ambaye hutakutana naye mara nyingi.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana imenisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa. Ukianza wa kwanza unapewa karata 3, kisha unavuta moja kila zamu. Ikifika zamu ya 5 umeona karata 8 kati ya 30. Ukiwa na nakala 2 tu za karata ya kufagia meza, uwezekano wa kuwa umeishaipata hata moja ni kama asilimia 47. Ukiwa na karata 4 zinazofanya kazi hiyo hiyo, hata kama majina ni tofauti, uwezekano unapanda hadi asilimia 73. Karata moja peke yake ni asilimia 27. Hapo sijahesabu zile unazorudisha mwanzoni kubadilisha, ambazo zinaongeza kidogo, lakini picha ni ile ile.

Kwa hiyo hesabu kazi, usihesabu majina. Chukua karatasi uandike kazi ambazo deki inapaswa kufanya: kuua askari mmoja mdogo, kuua mmoja mkubwa, kufagia wengi, kuongeza damu au ngao, kuvuta karata, kumaliza mchezo. Kisha weka kila karata chini ya kazi yake. Ukiona "kumaliza mchezo" ina karata saba na "kufagia wengi" ina mbili, ugonjwa umeshauona. Kwangu mimi za kumaliza zisizidi mbili, na nitabishana na yeyote juu ya hilo. Ukifika zamu ya 10 ukiwa na damu 20 na mpinzani hana kitu mkononi, karibu karata yoyote itakumalizia kazi.

Binti mmoja wa chuo aliwahi kuniletea deki ya Priest, mmoja wa mashujaa unaowachagua kuchezea. "Kaka," akaniambia, "karata zangu zote ni nzuri, mbona nakufa mapema?" Tulipozipanga kwa gharama, tatizo lilikuwa bado halijaonekana vizuri, kwa sababu alikuwa na za kuua za kutosha. Tukazipanga upya kwa kile zinachoua. Shadow Word: Pain inaua askari mwenye nguvu 3 kushuka chini. Shadow Word: Death inaua mwenye nguvu 5 kwenda juu. Askari mwenye nguvu 4 anapita katikati ya zote mbili, na wapinzani wake wa bwenini walikuwa na askari wa nguvu 4 wa kutosha. Tukatoa wakubwa wawili wa gharama ya juu, tukaweka karata za kuumiza moja kwa moja ambazo haziulizi askari ana nguvu ngapi. Deki ikaacha kuvuja. Hili la pengo ndilo ninalowaomba mlitazame kabla ya yote: usiulize tu kama karata inaua, uliza inaua nani, na nani ataiponyoka.

Karata lazima pia zilishane. Shujaa Warrior ndiye mfano ninaoupenda. Uwezo wake wa kudumu unampa ngao 2 kwa mana 2. Shield Slam, kwa mana 1, inamuumiza askari kwa kiasi cha ngao ulizonazo. Ukiwa na ngao 8 umeua jitu kwa mana moja, ukiwa na sifuri umeshika karatasi. Kwa hiyo huwezi kuweka Shield Slam mbili bila kuweka njia nyingine za kuongeza ngao mbali na ule uwezo. Brawl nayo, ya mana 5, inaua askari wote mezani isipokuwa mmoja anayebaki kwa bahati. Mpinzani akiwa na sita na wewe huna hata mmoja, umempora zamu tatu nzima za kazi yake. Lakini ukiijaza deki yako askari wadogo wa kuweka mezani mapema, utaanza kuiogopa Brawl yako mwenyewe isiwaue hao, utaichelewesha, na utakufa ukiwa nayo mkononi. Ukiichagua Brawl, askari wako wawe wachache na wenye sababu.

Hapo pana tabia moja ninayoiona sana kwa watu waliokulia kwenye karata za kawaida. Wacheza albastini tumezoea kutunza turufu. Kwenye deki ya kudhibiti, kutunza kuna mpaka. Dhidi ya mkimbizaji, karata ya kufagia inayoua askari watatu leo ina thamani kuliko ile inayosubiri watano kesho, kwa sababu hao watatu watakuwa wameshakupiga damu 9. Tunza unapokutana na mwenye deki ya kudhibiti mwenzako. Huyo ndiye wa kuvumiliana naye.

Na mkikutana wawili wa aina hiyo, angalia sana karata za kuvuta. Deki ikiisha, kila unapotakiwa kuvuta unaumia: 1, kisha 2, kisha 3, inaendelea hivyo. Mara ya nane jumla imefika 36, yaani zaidi ya damu yote uliyoanza nayo. Anayevuta haraka ndiye anayefika huko kwanza. Mimi huweka za kuvuta tatu au nne, na hupendelea zile zinazofanya na kazi nyingine pamoja, kama Shield Block inayokupa ngao 5 na karata moja. Kumbuka mkono hauchukui zaidi ya karata 10, ya kumi na moja inaungua.

Kuhusu karata za kumlenga mpinzani fulani, kama Acidic Swamp Ooze inayovunja silaha: moja inatosha, na iingie pale tu unapoona silaha kila mara. Sina zaidi ya kusema hapo.

Suala la vumbi linawaumiza vijana wengi, wacha nilikazie. Kutengeneza Legendary ni vumbi 1600, na madaraja ya chini yake ni Epic 400, Rare 100, Common 40. Ukiivunja Legendary unarudishiwa 400 tu. Brawl ni Epic na Shield Slam ni Epic, kwa hiyo kwa bei ya Legendary moja unapata nakala 2 za kila moja, karata nne zitakazokuokoa zamu za mwanzo. Kabla ya hapo tazama seti ya Core, ya karata za msingi, ambayo tangu 2021 mchezaji anaipata bure kadiri anavyopandisha ngazi. Halafu hakikisha karata unayoitaka bado inaruhusiwa kwenye Standard, uwanja wa seti mpya, kwa sababu kila mwaka seti za zamani huondolewa humo. Karata iliyobakiza miezi miwili Standard usiitolee vumbi, hata kama rafiki yako anaisifia, labda kama unacheza Wild, ambako za zamani zinaruhusiwa.

Deki ikishakamilika icheze bila kuigusa kwa siku kadhaa. Kila unaposhindwa, kabla hujafunga mchezo, tazama karata zilizobaki mkononi na uziandike. Karata inayojirudia kwenye orodha hiyo ndiyo inayotoka, hata kama ni ya dhahabu. Badilisha moja, cheza tena. Ukibadilisha tano kwa mpigo hutajua ipi iliponya. Na fanya maamuzi wakati wa zamu ya mwenzako: una sekunde 75 tu kwa zamu, na mtandao ukisinzia kidogo ile kamba ya kuonyesha muda unaisha inaungua nusu kabla hujagusa karata.

Nafasi ya mwisho, ile ya 30, huwa inawachelewesha watu sana. Wengi wanabaki wakichagua kati ya jitu moja kubwa na karata ndogo ya kuua ya mana 2. Wekeni ile ya mana 2.