"Amehama" si jibu, wadadisi wangu

Wadogo zangu, nimepitia madodoso ya awamu hii ya utafiti wetu, unaowarudia vijana walewale kila awamu, na "amehama" imejaa tele. Mama kawaambia binti yuko Mwanza, mkafunga kishikwambi mkaenda kaya inayofuata. Hapana, jamani.

1. Aliyehama hufuatwa. Utafiti wa Kagera ulioanza 1991 ulikuwa na kaya 915. Timu iliporudi 2004 iliwatafuta watu hadi nje ya mkoa, hata Uganda, na zaidi ya kaya 9 katika kila 10 zikapatikana. Ikaonekana kwamba ukuaji wa matumizi (kipimo cha hali ya maisha) ya waliotoka Kagera uliwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Takwimu hizohizo zilionyesha kuwa waliofiwa na mama kabla ya miaka 15 walipokuwa watu wazima walikuwa wafupi kuliko wenzao kwa sentimeta 2 hivi, na walikosa kama mwaka mmoja wa shule. Na yatima ndiye huyo anayepelekwa kwa shangazi wilaya nyingine!

Kuna mradi wa vijana niliouona ukikaribia kuharibika hivi. Alama za kusoma zilipanda kila awamu, wakubwa wakafurahi, rasimu ya ripoti ikaanza kuusifu mpango wa shule. Mtunza takwimu akachambua alama za awamu ya kwanza za wale walioandikwa "amehama". Wengi hawakuweza kusoma hata aya moja tangu mwanzo. Waliacha shule wakaenda mwaloni, kule samaki wanakoshushwa ziwani, wengine kazi za ndani mjini. Hakuna aliyejifunza zaidi. Wasiojua kusoma walikuwa wametoka kwenye sampuli. Timu ikalazimika kurudi ziwani, bajeti imekwisha, ikiuliza majina ya shuleni ambayo mwaloni hakuna ayajuaye. Kijana aliyekaa jirani kabisa na mizani ya samaki alipatikana mwishoni, kwa jina la utani.

Kwa hiyo chukueni jina la utani, namba ya shangazi na ya rafiki, kila awamu.

2. Msimuulize binti habari za wapenzi mama akichambua maharage pembeni. Atawajibu, lakini mama ndiye atakayekuwa amejibiwa.

3. Msilainishe maneno ya swali. Likibadilika, hatutajua kama kilichobadilika ni kijana au swali.

4. Akitimiza miaka 18, ridhaa ya mzazi haimsemei tena. Mwombeni mwenyewe, upya, na akikataa mshukuruni.