Maswali yenu: DNB, Carnegie na kazi ya idara ya uwekezaji ya benki

Machi 2025, DNB, benki kubwa kuliko zote nchini Norway, ilikamilisha ununuzi wa Carnegie, kampuni ya uwekezaji ya Uswidi, kwa takriban krona bilioni 12 za Uswidi. Idara yake ya uwekezaji sasa inaitwa DNB Carnegie. Niligusia habari hiyo kwa ufupi, nanyi mkaniandikia kutaka undani. Haya ni baadhi ya maswali.

DNB ni benki ya kawaida: watu wanapokea mishahara na kukopa nyumba. Idara ya uwekezaji inafanya nini humo? Ni akiba za wateja ndizo zinazowekezwa? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, kazi yake si kuwekeza akiba za wateja. Idara hii inaishi kwa ada.

Chukua kampuni inayofuga samaki aina ya salmoni katika pwani ya Norway na inataka kuongeza vizimba. Inaweza kwenda upande wa mikopo wa benki. Inaweza pia kuuza hisa mpya, au hatifungani (hati za deni zenye riba), kwa mifuko ya pensheni na makampuni ya bima. Hapo ndipo idara ya uwekezaji inapoingia: inaandaa waraka wa matarajio, yaani maelezo ya kampuni kwa wanunuzi, inatafuta wanunuzi, inashauri bei na kukata ada yake. Inashauri pia kampuni zinazotaka kununua kampuni nyingine, inanunua na kuuza hisa kwa niaba ya wateja, na ina wachambuzi wanaoandika ripoti.

Tofauti ya kushika ni hii. Benki ikikopesha, mkopo ukiharibika hasara ni ya benki. Ikikusaidia kuuza hatifungani, hasara ni ya aliyeinunua, na benki imeshalipwa ada yake. Kwa hiyo kila unapoona idara kama hii inasifia jambo, uliza kwanza ni nani anayeilipa. Karibu kila mara ni anayeuza.

Kwa nini benki ilipe bilioni 12 kwa kampuni isiyo na amana kubwa wala matawi ya mitaani? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu inanunua watu na mahusiano yao. DNB ina nguvu Oslo, katika meli, mafuta, nishati na samaki. Lakini kampuni nyingi zinazoingia soko la hisa katika eneo la Nordiki (Norway, Uswidi na majirani zao) huorodheshwa Stockholm, na huko Carnegie ndiyo inayojulikana na wenye kampuni, na baba zao kabla yao. Mizizi ya jina hilo ni biashara iliyoanzishwa Gothenburg mwaka 1803.

Historia yake ya karibuni ina mafunzo zaidi. Mwaka 2007 iligundulika kuwa baadhi ya wafanyabiashara wake wa hisa walikuwa wameongeza thamani ya mali walizoshikilia vitabuni, hivyo faida ikaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uswidi iliitoza faini ya krona milioni 50 na kutaka mkurugenzi mkuu na bodi vibadilishwe. Mwaka uliofuata, dunia ikiwa katikati ya msukosuko wa fedha, ikabainika kuwa Carnegie ilikuwa imemkopesha mteja mmoja kupita kiasi. Novemba 2008 ilinyang'anywa leseni, na siku hiyohiyo ofisi ya serikali inayosimamia deni la taifa ikaichukua. Mwaka 2009 iliuzwa kwa Altor na Bure, kampuni za uwekezaji za Uswidi.

Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba Carnegie haikuangushwa na kazi yake ya ushauri. Iliangushwa na mkopo, yaani kazi ya benki ya biashara, iliyofanywa na kampuni isiyo na mtaji wala nidhamu ya benki ya biashara. Sasa imeingia chini ya benki yenye mtaji mnene, ambayo serikali ya Norway inamiliki asilimia 34 ya hisa zake. Upande wa usalama nauona umeboreka. Wasiwasi wangu uko kwingine: watu ndio mali iliyonunuliwa, na watu huacha kazi. Dalali mzuri akihamia kampuni nyingine, wateja humfuata.

Bei ya hisa inayouzwa kwa umma mara ya kwanza inapangwaje? Inaonekana kama kubahatisha. (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Si kubahatisha, ingawa mabishano hayakosekani. Tazama Volvo Cars, Oktoba 2021. Kampuni hiyo ilikuwa mali ya Geely ya China, na uuzaji wa hisa zake Stockholm uliongozwa na benki za SEB ya Uswidi na Goldman Sachs ya Marekani. Walitangaza bei kati ya krona 53 na 68.

Baada ya hapo simu zikaanza. Wauzaji wa benki huwapigia mameneja wa mifuko mmoja mmoja: utachukua hisa ngapi, na kwa bei gani? Kila jibu huandikwa kwenye daftari la maombi. Daftari likifurika, bei inasukumwa juu. Likiwa jembamba, bei inashuka au hisa zinazouzwa zinapunguzwa.

Safari hii wanunuzi wakubwa walisita. Hawakupenda kwamba hisa za Geely zingebaki na kura nyingi kuliko zao. Geely ikakubali kuzibadilisha ziwe za kawaida. Kiasi cha fedha kilichotafutwa kikapunguzwa kutoka krona bilioni 25 hadi bilioni 20, bei ikawekwa chini kabisa, krona 53, na siku ya kuanza kuuzwa ikasogezwa hadi tarehe 29. Siku ya kwanza bei ilipanda, na wengi wakashangilia. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya nusu ya krona 53.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisoma kwamba uuzaji "umefanikiwa", maana yake hisa zimepata wanunuzi. Haimaanishi kwamba mnunuzi amepata faida.

Benki ileile inaikopesha kampuni, inauza hatifungani zake, halafu mchambuzi wake anaandika kuwa hisa zake ni nzuri. Huo si mgongano wa maslahi? (Msomaji wa asili ya Mombasa, anaishi Stockholm)

Ni mgongano, dada yangu, na umeuona vizuri. Sheria zinataka uwepo ukuta ndani ya jengo: anayeshauri kampuni asimpe mchambuzi siri zake, wala asimwelekeze cha kuandika. Kuanzia Januari 2018, sheria za Umoja wa Ulaya ziliwataka mameneja wa mifuko walipie ripoti za uchambuzi kando, zisifichwe ndani ya ada ya udalali, ingawa baadaye zililegezwa. Hilo limesaidia.

Lakini ukuta hauondoi ukweli kwamba mwajiri ni mmoja. Katika eneo la Nordiki hili linaonekana zaidi Oslo, kwenye soko la hatifungani zenye riba kubwa na hatari kubwa. Kwa miaka mingi wenye meli na mitambo ya kuchimba mafuta baharini walichukua fedha hapo kwa siku chache na kwa nyaraka fupi. Bei ya mafuta ilipoporomoka kuanzia 2014, kampuni nyingi zilishindwa kulipa. Seadrill, kubwa miongoni mwao, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, Marekani, Septemba 2017. Wenye hatifungani na benki zilizokopesha wakajikuta meza moja, kila mmoja akivutia kwake.

Norway ina utaratibu mzuri hapa, nami natamani tuuige: wenye hatifungani wote huwakilishwa na mdhamini mmoja, Nordic Trustee, anayejadiliana na kampuni kwa niaba yao. Mstaafu mwenye hatifungani chache halazimiki kukodi wakili wake mwenyewe.

Nilinunua hatifungani ya kijani ya maji ya Tanga. Ni kweli wazo hili lilitoka Uswidi? (Msomaji, Tanga)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Hatifungani ya kijani ni ile ambayo fedha zake hutengewa miradi ya mazingira. Mwishoni mwa 2007 mifuko ya pensheni ya Uswidi ilitaka kuwekeza kwenye miradi ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi bila kubeba hatari ya mradi mmoja mmoja. SEB ikawakutanisha na Benki ya Dunia, na kituo cha utafiti cha CICERO cha Oslo kikatoa maoni huru kuhusu vigezo. Hatifungani yenyewe ilitoka Novemba 2008, ya zaidi ya krona bilioni 2. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilikuwa imetangulia na ya kwake mwaka 2007, lakini mpangilio wa 2008 ndio ulioigwa: fedha zitengwe, mtu wa nje akague, taarifa itolewe. Mamlaka ya maji ya Tanga ilipotafuta shilingi bilioni 53 mwaka 2024, ilipita njia hiyohiyo. Nawe una haki ya kuidai ile taarifa ya matumizi ya fedha. Iombe kila mwaka.

Benki hizi zina kazi yoyote kwetu? (Msomaji, Dodoma)

Moja kwa moja, ni kidogo. Fedha za Nordiki hutufikia zaidi kwa milango mingine. Mkopo wa dola bilioni 1.46 wa reli ya SGR mwaka 2020 ulipangwa na Standard Chartered, kwa kutegemea taasisi za mikopo ya mauzo ya nje za Uswidi na Denmark. Na ukiwa mteja wa NMB, mmoja wa wenye hisa zake wakubwa ni kampuni ya uwekezaji ya Arise, ambayo Norfund, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norway, ni miongoni mwa waanzilishi wake.

Nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp linalosema ni la idara ya uwekezaji ya benki ya Norway. Wanalipa asilimia 3 kwa wiki. Nitume fedha? (Msomaji, Kahama)

Usitume hata shilingi. Wateja wa idara hizi ni kampuni na mifuko mikubwa, na hakuna benki ya Norway inayokusanya fedha za watu wa Kahama kupitia WhatsApp. Anayetaka kukuuzia uwekezaji Tanzania lazima awe na leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, na orodha ya wenye leseni iko wazi. Toka kwenye kundi hilo leo, hifadhi namba na ujumbe wao, kisha wapelekee polisi. Kama kuna jamaa yako ameshatuma, aripoti kwa mtandao wake wa simu mara moja, kwa sababu muamala ukishatolewa kwa wakala ni vigumu kuurudisha.