Mpwa wangu beki anakaa jukwaani: nimlipie mwalimu wa mtandaoni?

SWALI

Habari za kazi, Kocha. Mpwa wangu ana miaka 20, ni beki wa hoki ya barafuni. Alichaguliwa raundi ya tatu kwenye drafti ya NHL (pale timu za ligi kuu zinapogawana vijana), na huu ndio msimu wake wa kwanza AHL, ligi iliyo chini yake. Kule ligi ya vijana alikuwa nyota, pawaplei yote (pale mpinzani anapopungukiwa mtu kwa adhabu) ilipita kwake. Sasa amecheza mechi 22 ana pasi mbili tu za mabao, dakika zake hazifiki 14, na kati ya mechi saba za mwisho tatu amezitazama akiwa jukwaani, mzima wa afya. Kuna mwalimu ana wafuasi wengi mtandaoni, anasema makocha wanamuua kipaji, na kwamba kwa wiki nane na dola 4,000 atamfanya beki wa kisasa kama Cale Makar, nyota wa NHL. Dada yangu anataka nilipe. Nilipe? Na je, ni kweli ingekuwa bora ahamie winga?
Mjomba mtu, Ottawa

JIBU

Mjomba, usilipe. Na kama umeshatoa kianzio, kidai leo.

Barua ya namna hii huwa naipata kila ikikaribia Krismasi, na zote zinafanana kama zimeandikwa na mtu mmoja: mabao yamepungua, dakika zimepungua, kijana kakaa jukwaani, halafu kuna bwana mmoja wa mtandaoni. Sijawahi kupata hata moja inayouliza kinachomsumbua kocha wake anapokaa usiku kupanga majina sita ya mabeki: huyu kijana akifika konani mwa uwanja, kando ya goli lake, na mtu yuko mgongoni, paki (kile kisahani wanachochezea) inaishia wapi?

Chukua sekunde nne tu. Mpinzani anavuka katikati ya uwanja, anaibamiza paki iingie nyuma ya mpwa wako, ikajifie konani. Mpwa wako anageuka, anaifuata. Nyuma yake kuna jitu la kilo 95 limeshapata kasi, na kazi yake pekee ni kumfikia pale ukutani kabla hajaamua la kufanya. Ligi ya vijana jitu hilo lilikuwa na miaka 17, na lilichelewa kidogo. Hapa lina miaka 27, lina mke na mtoto, na linatafuta mkataba wa mwakani.

Beki aliyeiva, kabla gongo lake halijaigusa paki, ameshatupa jicho nyuma ya bega mara mbili, pengine tatu. Ya kwanza ni pale anapogeuka: wanakuja wangapi? Ya pili ni katikati ya safari: huyu wa mbele ananijia upande gani? Ya tatu zikiwa zimebaki hatua mbili: mwenzangu yuko wapi, kipa ametoka au amebaki? Bega linadanganya kushoto, miguu inakwenda kulia, paki imeshaondoka. Na mwenzake muda wote huo anampigia kelele, neno moja tu, "Zunguka!" au "Rudisha!" au "Ukutani!", kwa sababu yeye ndiye anayeona uwanja.

Asiyetazama anafika pale kama kipofu. Anaigusa paki, ndipo anainua kichwa, ndipo anapigwa. Au anaogopa kupigwa, anaichapa ukutani bila kulenga, inamfikia beki wa wapinzani anayeisubiri kwenye mstari wa buluu, pale eneo lenu la ulinzi linapoanzia, na timu nzima inabaki imefungiwa golini kwake kwa sekunde 40 nyingine, zamu imepita muda, miguu imekwisha. Kwenye karatasi ya takwimu hilo halionekani popote. Kocha ameliona.

Msimu mmoja nilikaa na kijana aliyefanana na mpwa wako kwa kila kitu. Nilikuwa nimemkatia vipande vyote vya video alivyokwenda konani katika mechi mbili. Nikampa kalamu, nikamwambia ahesabu mara ngapi kidevu chake kinakwenda begani kabla ya kuigusa paki. Kipande cha kwanza, sifuri. Cha pili, sifuri. Cha tatu akaandika moja, halafu akaifuta mwenyewe, maana aliona alikuwa akiitazama paki inavyodunda ukutani, wala si mtu. Kwenye kipande cha tisa akaweka kalamu mezani, akauliza kama anaweza kwenda nyumbani.

Kesho yake saa moja asubuhi nilimkuta uwanjani peke yake. Tulichofanya hakina maajabu. Mimi nasimama nyuma yake, naipiga paki konani, nanyoosha vidole. Yeye anaikimbilia, na kabla hajaigusa aseme ni vidole vingapi. Kisha vinabadilika akiwa njiani, aseme tena. Mpaka Februari ilikuwa ni vidole tu. Hakuna mtu angeitazama video ya mazoezi yale hadi mwisho, hata mama yake.

Kona haikuwa ngumu hivi zamani. Msimu wa 2004–05 NHL haukuchezwa kwa sababu ya mgogoro wa mikataba, na ligi iliporudi 2005 ilirudi na kanuni nyingine. Waamuzi walianza kuadhibu kwa ukali kushika na kuziba njia, kwa hiyo mwenzako hawezi tena kumzuia kidogo yule anayekufuata ili upate nafasi ya kupumua. Kipa naye akawekewa mipaka nyuma ya mstari wa goli, hawezi kutoka hadi konani kukuokolea paki. Beki akabaki peke yake na mwanamume wake. Papo hapo pasi ndefu inayovuka mistari miwili ikaruhusiwa, kwa hiyo beki anayeweza kutoka konani na kichwa chake kikiwa juu akawa mali.

Mwaka huohuo ndipo Duncan Keith alipoanza kuichezea Chicago. Alikuwa chaguo la 54 mwaka 2002, wala hakuwa na umbo la kutisha. Kabla ya hapo alikaa misimu miwili mizima Norfolk, kwenye AHL hiihii ambayo dada yako anaiona kama jela. Baadaye akachukua tuzo ya Norris, ya beki bora, mara mbili, na Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, mara tatu. P.K. Subban, ambaye baba yake ni Mjamaika na ambaye najua mnamtaja sana nyumbani, alicheza mechi 77 Hamilton, AHL hiyohiyo, msimu wa 2009–10 kabla ya kukaa moja kwa moja Montreal, na Norris yake ilikuja 2013. Mark Giordano hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Alipita AHL, akaenda hadi Urusi, akarudi, na Norris yake aliipata 2019 akiwa na miaka 35. Mabeki huchelewa kuiva kuliko washambuliaji, kwa sababu kosa la mshambuliaji lina watu watano nyuma yake na kosa la beki lina kipa tu.

Sasa tuje kwa huyu mganga njaa wako. Sijaziona video zake lakini nitakusimulia zilivyo: koni za rangi ya chungwa, kijana anazipitisha paki katikati ya miguu, anarukia matairi, anapiga shuti la juu kwenye kona ya goli, muziki unalia. Koni haina gongo. Koni haikufuati kwa nyuma, haitokei upande usioutarajia, wala haikusukumi uso ukutani. Kijana anaweza kuwa bingwa wa koni miaka kumi na siku ya mechi asijue jitu linatokea wapi. Nimewaona. Mikono yao ni ya dhahabu na shingo zao hazigeuki.

Na hilo jina la Makar wanalolitumia kama hirizi! Makar alichaguliwa wa nne mwaka 2017. Hakukimbilia NHL. Alikwenda kusoma, akacheza misimu miwili Chuo Kikuu cha Massachusetts, na Colorado, timu yake ya NHL, walimpata Aprili 2019, mechi za mchujo wa ubingwa zimeshaanza. Video fupi inakuonesha mwisho wa kazi yake, pale anapocheza dansi kwenye mstari wa buluu. Mwanzo wa kazi hiyo, pale alipotazama nyuma mara mbili golini kwake na kuchagua njia, umekatwa kwa sababu hauuzi.

Halafu jiulize, hizo wiki nane zitapatikana wapi? AHL ni mechi 72, na wikiendi nyingine zina mechi tatu kwa siku tatu, katikati mnalala ndani ya basi. Msimu ukishaanza, muda wa barafu wa mazoezi ni mdogo mno. Kijana akitoka pale akaenda kwa mwalimu wa pembeni anayemwambia "beba paki mwenyewe, usimsikilize kocha", ndani ya mwezi atakuwa na sauti mbili kichwani, na beki mwenye sauti mbili anachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde pale konani ndiyo jitu lenyewe.

Kuhusu dakika. Uwanjani kuna mabeki wawili kwa wakati mmoja, mechi ni dakika 60, kwa hiyo zinagawanywa dakika 120 kwa watu sita. Wastani ni 20. Chini ya 14 maana yake yuko jozi ya tatu, na mwishoni mwa mechi, tofauti ikiwa bao moja tu, haingizwi. Kwa miaka 20 na mechi 22, hiyo ni kawaida. Kukaa jukwaani pia ni kawaida. Wengine wetu humketisha kijana kwa makusudi ili aone mchezo kutoka juu, kisha asubuhi tunamuuliza alichoona. Akijibu "nimeona tumefungwa", anakaa tena.

Msimwonee kinyongo yule mkongwe anayecheza pawaplei kwa nafasi yake. Kanuni za AHL zinataka angalau 13 kati ya wachezaji 18 wasio makipa wawe wale wanaoendelea kukuzwa, kwa hiyo nafasi za wakongwe ni chache na timu huzitumia kwa hesabu. Mara nyingi mkongwe huyo analipwa pia kukaa kando ya kijana kama wako, kwenye basi na kwenye barafu, amwambie "Zunguka!" kwa wakati.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uganga huu umeshashuka hadi kwa watoto. Wazazi wananiandikia kuhusu mabeki wa miaka 11. Mtoto hajui kuteleza kinyumenyume bila kuvukisha miguu hovyo, lakini ameshalipiwa kambi ya "shuti la pawaplei". Kuna kambi zinazowafundisha watoto kupiga miili, yaani kumgonga mpinzani kwa mwili, wakati Marekani waliiondoa mbinu hiyo kwenye rika la chini ya miaka 13 tangu 2011 na Kanada wakafuata 2013, kwa sababu ya vichwa vya watoto. Mtoto wa umri huo afundishwe kumpeleka mpinzani ukutani kwa pembe, gongo likiwa chini kwenye njia ya pasi, na mwili utafuata baadaye. Na kuna unga wa kuongeza kilo unaouzwa kwenye maegesho ya viwanja. Mchezaji wa kulipwa akipatikana na dawa iliyopigwa marufuku, mwenye kopo hatakuwepo kumtetea. Kopo lisilo na alama ya upimaji wa wanamichezo, kama NSF Certified for Sport, lisiingie nyumbani kwenu, na hata lenye alama daktari wa timu alione kwanza. Kilo huongezwa kiangazi, kwa chakula na vyuma. Desemba tunahangaika tu zisipungue.

Wote hawa wana lugha moja: makocha hawakuelewi, mimi nakuelewa, lipa. Ukiona mtu anaanza kwa kumtukana kocha ambaye hajawahi kukaa naye, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Mwalimu wa pembeni wa kweli yupo, nawafahamu kadhaa, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuomba namba ya simu ya kocha wa timu.

Kuhusu winga: hapana. Beki anayehamishwa akiwa na miaka 20 anakwenda kuanza foleni upya nyuma ya vijana waliokaa winga tangu wakiwa na miaka saba, na klabu ilimchagua kama beki. Kama wanataka kumhamisha watasema wenyewe.

Zile dola 4,000, toa sehemu ndogo ukate tiketi. Nenda ukae nyuma ya kioo, konani, upande ambao timu yake inalinda kipindi cha kwanza na cha tatu. Usiitazame paki. Mtazame yeye anapogeuka kuifuata, uhesabu kidevu kimekwenda begani mara ngapi. Mkimaliza kula usiku huo mwambie ulichohesabu, halafu uniandikie namba.