Cashew na kanju, ndugu au majirani?

SWALI: Habari mhariri, mi nipo Newala, korosho tunabangua kila msimu ila kwenye maboksi ya kwenda nje wanaandika cashew, hilo neno limetoka wapi mbona halifanani na korosho hata kidogo?

JIBU: Salama kaka. Usilinganishe na korosho, linganisha na kanju, si kuna wazee wanauita mti mkanju? Watupi wa Brazili waliita acaju, Wareno wakadaka wakasema caju, Waingereza wakalichukua kwa Wareno wakatamka kivyao ndo ikawa cashew. Na Wareno haohao ndo waliouleta mti huku pwani, karne ya 16. Ila kwa Mreno caju ni lile bibo lenyewe, yaani tunda linaloshika korosho, lile likikudondokea kwenye shati jeupe doa halitoki ng'o, korosho yeye anaiita castanha.