Sare ya Tatu Inatoka Wapi?

Ukiingia kwenye kikao cha harusi Ngamiani au Makorora, mitaa ya Tanga, iache bajeti kwanza, mtazame anayeahidi wa mwanzo. Mjomba akisimama akataja laki mbili, wa pili atataja laki na nusu. Wa tatu, aliyetoka nyumbani na elfu thelathini kichwani, atakohoa kidogo kisha atasema laki. Hakuna aliyemshika shati. Ukimuuliza njiani kurudi, atakwambia laki ndiyo mchango wa heshima, na atakuwa anaamini hivyo kweli.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1935 Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani, aliwaweka watu kwenye chumba chenye giza totoro akawaonyesha nukta ya mwanga isiyosogea hata kidogo. Gizani macho hudanganya, mwanga ukaonekana kama unacheza. Kila mtu alikuwa na kipimo chake cha umbali uliosogea. Walipokalishwa pamoja vipimo vyao vilikaribiana, na hata mtu alipopimwa tena peke yake aliendelea na kipimo cha kundi. Mchango wa harusi ni mwanga wa namna hiyo. Hauna bei ya dukani, kwa hiyo tunasomana nyuso.

Twende kwenye sare, zile nguo za kufanana za siku za harusi, maana huko ndiko ugomvi unakoanzia. Sare yenyewe haina ubaya. Shangazi anayeuza maandazi na yule aliyeshuka kutoka Dar na mabegi matatu, wakivaa kanga za jina moja, hakuna anayejua nani ana nini. Ni stara. Shida inakuja stara hiyo ikizaa. Tuseme kanga za siku ya hina ni 12,000, dera la siku ya nikahi pamoja na mshono 35,000, gauni la ukumbini pamoja na mshono 60,000. Hiyo ni 107,000 kwa mtu mmoja, na mama mwenye mabinti wawili anatoa 321,000 kabla ya mchango, zawadi na nauli ya kutoka Korogwe.

Sasa sare ya tatu aliitaka nani? Waulize wanawake mmoja mmoja, utasikia jibu lile lile: "Mimi sina neno, lakini wenzangu watasemaje?" Wakisema hivyo watu wanane kati ya kumi, ujue mnabeba mzigo ambao hauna mwenyewe. Kila mmoja anautii kwa sababu anadhani wengine wanautaka.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Kata vipande vya karatasi vya ukubwa mmoja, kalamu ziwe za rangi moja, na pasiandikwe majina. Uliza maswali mawili. La kwanza: wewe mwenyewe ungependa sare ngapi? La pili: unadhani wengi humu wangependa ngapi? Vikunjwe, na wahesabu watu wawili, mmoja kutoka kila upande. Wasiosoma wapewe kunde. Waweke kunde moja, mbili au tatu kwenye chungu chenye kifuniko, kimoja kwa kila swali, kisha ugawe jumla ya kila chungu kwa idadi ya walioweka kunde. Majibu ya maswali yote mawili yasomwe kwa sauti kabla mtu hajaanza kujadili. Swali la pili likizidi la kwanza, mjadala umekwisha nusu.

Hapa wengi huharibu kwa kuuliza kwa kunyoosha mikono, au kwenye kundi la WhatsApp ambako wifi anasoma kila neno. Wengine huuliza baada ya muuza vitambaa kuchukua kianzio, na hapo hata mwenye kupinga hutetea kitambaa. Na pengine majibu yataonyesha kuwa watu wanazitaka sare tatu kwa moyo mkunjufu. Basi usizipige vita. Omba ya tatu iwe ya hiari, na rangi yake iwe ambayo mtu anaweza kuitafuta kwenye sanduku lake.

Kusema peke yako kikaoni ni kujitafutia jina baya. Miaka ya 1950 Solomon Asch, huko Marekani, aliwaonyesha wanafunzi mistari ambayo hata mtoto angeona upi unalingana na upi. Watu wake aliowapanga wakajibu uongo kwa pamoja. Kama robo tatu ya waliopimwa walifuata uongo huo walau mara moja. Watu watatu wa kupangwa walitosha kuleta karibu shinikizo lote; kuongeza wengine hakukuongeza kikubwa. Lakini akiwepo mmoja tu wa kusema kweli, ufuataji ulishuka sana, na walioandika majibu yao faraghani nao waliufuata uongo mara chache zaidi.

Kwa hiyo tafuta wa pili kabla ya kikao. Asiwe rika lako, maana mtaitwa vijana wa mjini. Mwendee shangazi mkubwa au somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, alasiri ametulia. Mpe shikamoo yake, mweleze hesabu ile ya 321,000, kisha umwombe kitu kimoja tu: awe wa kwanza kutaja idadi. Usimwombe akaripie watu. Na mwenyekiti, ukijua mjomba wa laki mbili yupo, anza kuahidisha kwa wale wa elfu ishirini.

Atainuka mtu na kusema, "Mwacha mila ni mtumwa." Usibishane na methali. Chukua daftari ugawe ukurasa mara tatu: dini, mila, mazoea. Kwa harusi ya Kiislamu, kwenye dini utaandika walii anayemwozesha bibi harusi, mashahidi wawili, mahari ya bibi harusi mwenyewe, ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali. Walima, karamu ya harusi, ni sunna. Kwenye mila utaweka kilemba cha baba na mkaja wa mama, zile zawadi za wazazi wa bibi harusi. Ukumbi, sare ya tatu na gari la kukodi vitajiangukia vyenyewe upande wa mazoea, na hapo ndipo pa kupunguza. Mkaja usiuguse, utapoteza hata waliokuunga mkono.

Ahadi zina mtego wake. Orodha ya majina na kiasi ikizungushwa kwenye simu, inapandisha viwango na kuwafukuza wenye kidogo. Ikifichwa kabisa, wengine hawalipi, kwani kuonekana ndiko kulikokuwa kunawasukuma. Njia ya kati inafanya kazi: mweka hazina apokee ahadi faragha, kisha atangaze majina ya waliotimiza bila kiasi, pamoja na jumla.

Wala usitangaze kwamba "siku hizi watu hawachangi." Katika hifadhi ya Petrified Forest kule Arizona, Marekani, mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliweka bango lililolalamika kuwa wageni wengi wameondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe. Wizi ukaongezeka. Wametimiza 41 kati ya 60? Sema hivyo. Wametimiza 12? Nyamaza, piga simu mmoja mmoja.

Yote haya yafanyike kabla ya kikao cha kwanza kufunga bajeti. Ukichelewa, iache harusi hiyo ipite. Mkifaulu, katibu aandike idadi ya sare na kima cha chini cha mchango kwenye daftari la ukoo, na tarehe yake, kwa sababu kamati ya harusi ijayo itakuja kuuliza: "Kwa akina fulani walitoa ngapi?"