Mbwa wa Ulinzi Mbele ya Mwamuzi: Yaliyonipata Katika Maonyesho Yangu ya Kwanza

Mara ya kwanza nilipompeleka mbwa wangu kwenye maonyesho, tulitolewa uwanjani kabla hata hatujakimbia mzunguko mmoja. Bobi, German Shepherd dume ambaye wakati huo alikuwa na miezi 16, alimwona mwamuzi akimjia na kofia pana na miwani ya jua, akanguruma, akarudi nyuma hadi akagota kwenye magoti yangu, na yule mama aliponyoosha mkono ili amfunue midomo, meno yakatangulia kujionyesha yenyewe. Mwamuzi alirudi hatua mbili, akaandika maneno machache kwenye karatasi yake na kutushukuru kwa upole. Nilikuwa nimetoka Ilemela kwa gari la kukodi, nikapita Lamadi, Tarime na Sirari hadi Nairobi, kwa ajili ya dakika ile moja.

Hasira zangu kwa Bobi hazikufika mpakani, kwa sababu alikuwa amefanya kile hasa nilichomlelea. Huku kwetu Mwanza mbwa hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuna mgeni anayethubutu kusukuma geti. Nilipoanza kuwaza mashindano, nilimpima kimo begani kwa futi ya fundi nikapata sentimita 63, ambazo zimo ndani ya 60 hadi 65 zinazotakiwa kwa dume wa uzao huu, nikaangalia masikio yaliyosimama na mgongo mweusi, nikajiona nimemaliza kazi. Sikujiuliza hata siku moja kama kuna mtu asiye wa nyumbani kwangu aliyewahi kumgusa.

Anayeanza aelewe kwanza kinachopimwa. Katika maonyesho ya namna hii hatafutwi mbwa mkali, na kwa kweli mbwa hawalinganishwi wao kwa wao kama watu wengi wanavyodhani. Kila mmoja hulinganishwa na maelezo yaliyoandikwa ya uzao wake, na anayeyakaribia zaidi ndiye anayewekwa mbele. Ili kufanya hivyo, mwamuzi ni lazima amshike: hutazama meno, ambayo kwa German Shepherd yanatakiwa yawe 42 kamili na ya juu yayapite ya chini kwa mbele kama makali ya mkasi, hupapasa mabega na mbavu, na kwa dume huhakikisha kwamba korodani zote mbili zimeshuka. Baada ya hapo hutaka kumwona akienda na kurudi, kisha akizunguka uwanja, mbwa akiwa upande wa kushoto wa anayemwongoza ili mwamuzi aliye katikati asizibwe. Mwendo unaotakiwa ni wa mchakamchaka, si mbio, kwani uzao huu, ambao chama chake kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899, ulitokana na mbwa wa kuchunga kondoo, na mchungaji hahitaji mbwa anayechoka kabla ya jua kupanda.

Tuliporudi nyumbani nilianza kazi ambayo ilipaswa kufanywa Bobi akiwa mtoto wa miezi mitatu. Nilihakikisha kwanza kwamba chanjo yake ya kichaa cha mbwa iko hai, kwa kuwa si haki kumwomba jirani aweke vidole mdomoni mwa mnyama asiyechanjwa, kisha kila jioni nikawa namsimamisha nje ya geti, miguu ya mbele ikiwa wima na mmoja wa nyuma umevutwa nyuma kidogo, mimi mwenyewe nikimfunua midomo kwa kuhesabu hadi tatu na kumpa dagaa mmoja mkavu. Baada ya wiki mbili hivi alikuja fundi seremala wa jirani, ambaye siku za kwanza alisimama tu na kumrushia dagaa bila kumtazama machoni, halafu akagusa shingo, halafu taya. Kijana wa bodaboda alikuja na helmeti kichwani, na hapo ndipo tulipokwama karibu mwezi mzima. Kumbe tatizo la Nairobi halikuwa mkono wa mwamuzi, lilikuwa ile kofia. Helmeti ilibidi tuiweke chini, Bobi ainuse, ale dagaa juu yake, ndipo irudi kichwani mwa mwenye nayo. Si kila mtu wa kuombwa msaada huu, na nadhani hili lasemwa mara chache mno: majirani zangu kadhaa ni Waislamu ambao wakiguswa na mate ya mbwa huwapasa kujitwaharisha, kwa hiyo sikuwaomba, na siku za Ijumaa nilihamishia mazoezi upande wa pili wa mtaa.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Miamba na vilima vya huku vilimpunguza kucha na kumjaza mapaja bila gharama yoyote, ingawa sikumwogesha ziwani kama nilivyoshauriwa, kwa hofu ya mamba na kwa sababu mimi ninayemshika ningeingia kwenye maji yenye kichocho. Kupe ni vita vya kila wiki. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimwagwe kwa mbwa kwa kukisia, bali mganga wa mifugo aulizwe kipimo. Cheti cha nasaba kidaiwe siku ileile ya kununua mbwa, kwani muuzaji akishapokea fedha zake simu huwa haipokewi, na bila cheti hicho mbwa haingii kwenye madaraja rasmi hata awe mzuri namna gani. Vibali vya kuvuka mpaka vianze kufuatiliwa mapema kwa ofisa mifugo, na chanjo ya kwanza isiachwe hadi wiki ya safari, maana nchi nyingi huhesabu siku 21 kabla ya kuikubali.

Tulirudi Nairobi baada ya miezi 9. Nilivaa koti nililooa nalo, mfuko wa kulia umejaa dagaa, na harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba mshindani aliyesimama mbele yangu alijitahidi kusogea kila foleni iliposimama. Mwamuzi wa safari hii alikuwa mzee mrefu, naye alikuwa na kofia. Bobi aliitazama, akanitazama mimi, akatazama mfuko, akasimama. Mzee alimfunua midomo upande huu na upande ule, akapitisha viganja mgongoni, akatuambia tukimbie.

Tulikuwa wa tatu kati ya mbwa wanne. Kwenye karatasi tuliyopewa iliandikwa kwamba kifua bado hakijajaa, kwamba kiwiko cha kushoto kinatoka nje kidogo akija kwa mbele, na kwamba meno ni kamili na mbwa ametulia akishikwa. Hiyo sehemu ya mwisho niliisoma mara kadhaa kabla hatujafika Narok, na fundi seremala aliomba abaki na karatasi hiyo siku mbili ili awaonyeshe wenzake kazini.